Kanzu ya Idd ya Bwana Masudi

Bwana Masudi amekufa. Habari nimeletewa kwa simu, katika lile kundi la ujumbe la Waswahili wa Birmingham ambalo wajukuu zangu waliniingiza bila kuniuliza, na chini ya tangazo la maziko watu wamepanga foleni kumwombea: Mola amsamehe, Mola amlaze pema. Mimi sikuandika kitu. Nilisoma mara moja, nikaiweka simu kifudifudi mezani, nikamalizia chai yangu, na niseme kweli, ilikuwa tamu. Mjukuu wangu wa kike, aliyezaliwa hapa, ambaye Kiswahili changu anakielewa chote lakini hunijibu kwa Kiingereza, aliniuliza kama huyo ndiye yule mzee wa Shard End ambaye msikitini watu walikuwa wakimwachia nafasi kulia na kushoto, yeye peke yake kwenye safu kama jino lililobaki. Nikamwambia ndiye. Akauliza kwa nini, maana madrasa wamefundishwa kwamba safu haiachwi wazi. Nikamwambia kaa kitako. Watu wa umri wangu wanapenda kusema kwamba muda unapoza mambo, kwamba mtu akizeeka huacha. Mimi sijaacha. Nina kisukari, nina magoti mabovu, jicho moja linaona ukungu, lakini kinyongo changu kizima, kina afya, kinalala na kuamka na mimi. Na mwaka niliokilisha kinyongo hicho mpaka kikashiba ni mwaka sabini na tatu, nilipokuwa msichana wa miaka ishirini, nikishona kwa Fundi Shee kule Nechells.

Karakana ya Fundi Shee ilikuwa juu ya ghala la vyuma. Unapanda ngazi za mbao, unaingia chumba kirefu chenye dirisha moja kubwa linalotazama matangi ya gesi na mfereji wa maji meusi, na mashine za chini zinaitetemesha sakafu mpaka bobini zinacheza juu ya meza. Harufu ya mvuke wa pasi ya sufi sijaisahau hata leo. Nikipita mahali wanapofua makoti, naiona meza yangu. Fundi Shee alikuwa mtu wa Lamu, mwembamba, kofia haimtoki kichwani na tepu haimtoki shingoni, na alikuwa na macho ya kukupima ukiwa bado mlangoni. Kutwa tulishona makoti ya kijivu ya duka moja la Wazungu, koti juu ya koti, na hayo ndiyo yaliyokuwa yakitulisha. Lakini Mswahili yeyote wa mji ule, hata wa miji ya jirani, akitaka kanzu ya kweli, yenye kaba iliyodariziwa kwa mkono na pindo linalokaa sawa, alipanda zile ngazi. Na Fundi Shee alikuwa na sheria moja, aliyonipa siku ya kwanza kabla hata ya kunionyesha cherehani yangu: mwili wa mteja hautoki nje ya mlango ule. Mtu ana kigongo, ana mguu mmoja mfupi, ana kovu asilotaka lionekane, wewe kazi yako ni kumstiri, na mdomo wako unaushona kabla ya nguo. Kwa ajili hiyo watu walimwamini kuliko walivyomwamini daktari. Walimweleza mambo huku wamenyoosha mikono kama watoto wanaovishwa, na yeye akiandika namba kwa chaki mezani na kuzifuta kwa kiganja.

Mimi nilikuwa nimepanga chumba Moseley, katika jumba la zamani la matofali mekundu, dari ziko mbinguni na baridi ya kaburini. Bi Arafa, mjane wa Kiunguja, alilikodi jumba lote kisha akatugawia vyumba sisi wasichana na wauguzi wawili wa Tanga. Vyumba vya juu tulilala tu. Kuishi tuliishi jikoni, chini, nusu ndani ya ardhi, kwa sababu ndipo palipokuwa na moto. Ramadhani ya mwaka ule iliingia vuli, siku fupi, na Bi Arafa aliufungua mlango wake kwa kila mwenye kufunga. Palipikwa uji wa pilipili manga, tambi za sukari, mbatata za nazi, na nazi yenyewe ilikuja kwenye kipande kigumu kama sabuni ya mche, Bi Arafa akaikwangua huku akiitukana. Samaki pia alimtukana kila siku, kwamba kafa hajui bahari. Wanaume walifturu chumba cha mbele, sisi jikoni, na baina yetu palikuwa na kitundu ukutani cha kupitishia sahani, chenye kilango cha kusukuma. Kilango kile hakikufungika vizuri. Kwa hiyo maneno yote ya wanaume, nani kapata kazi, nani kakosa karatasi, nani anatafuta mke na nani anamkimbia, yalitufikia pamoja na sahani chafu.

Siku moja nilikuwa nakunja sambusa, nikasikia upande wa pili mtu akisimulia kisa cha kuchekesha na wenziwe wakicheka, na mikono yangu ikasimama yenyewe. Sauti ile naijua. Nilikisukuma kilango kidogo, nikachungulia. Alikuwa kanenepa, ndevu zimeingia mvi, amevaa kanzu nyeupe pepepe, na ameketi mahali pa heshima penye mto. Nilipokuwa na miaka kumi na moja, mtu huyu alikuja nyumbani kwetu na wenzake wenye bunduki, akamchukua kaka yangu Hamadi, na Hamadi hakuonekana tena, si mzima, si maiti. Kuhusu kwetu sina zaidi la kusema, mengine ni yangu. Mimi hakunijua. Alipokea sinia kutoka mikononi mwangu kupitia kitundu kile, akanitazama usoni, akasema Mungu akubariki, binti. Nani humkumbuka mtoto aliyesimama mlangoni mwa watu? Nilirudi kwenye meza, nikakaa, na roho yangu ilinipanda mpaka nikaona unga wote mbele yangu mwekundu.

Nilimweleza Bi Arafa asubuhi yake, alipokuwa akiosha mchele. Hakuacha kuosha. Alinambia nyamaza, watu hufanana, na mtoto aliyetishika huona uso mmoja kila mahali. Bwana Masudi alikuwa mtu wa watu, alinambia. Ndiye aliyewatembelea wagonjwa hospitali, ndiye aliyetafuta ukumbi wa kusalia, na siku ya Idd, baada ya sala na hotuba, wazee walikuwa wameazimia kumfanya mwenyekiti wa chama chetu. Mimi nani, mshona makoti, nije nimpake mtu kama yule matope? Kisha akamwaga maji ya mchele, akasema kwa sauti nyingine, ya chini, kwamba hata kama ndiye, tumekuja huku kupumzika. Wallahi neno lile liliniuma kuliko lile la kwanza. Nikamwambia mimi sikuja kupumzika. Akanipa ungo, akasema pepeta. Tangu siku ile nilijua kitu kimoja tu ninachokitaka katika mji ule: kabla hajakalia kiti kile, watu wajue ni nani. Si polisi, si mahakama, hizo ni ndoto za watu wenye nchi. Nilitaka Waswahili wenzangu, wale waliokula naye sinia moja, wamjue. Nikimsema, nitaambiwa mwongo. Kwa hiyo sikusema. Nilimpitishia sahani yake kila magharibi, na kila nilipomsikia akicheka, nilitia jiwe juu ya jiwe.

Kisha, lahaula, mtu mwenyewe akapanda ngazi za Nechells. Ilikuwa siku za katikati ya Ramadhani, mvua ya Birmingham ile isiyonyesha wala isiyokoma. Aliingia na koti zito, akamsalimu Fundi Shee, akanitazama mimi, akauliza kama tunaweza kusema faragha. Fundi Shee akamjibu kwamba humu ndani hamna mtu, kuna mikono tu. Basi Bwana Masudi akavua koti, akaligeuza, akatuonyesha. Upande wa ndani, chini ya kwapa, bitana ilikuwa imeongezwa mfuko wa kitambaa kigumu, na ndani ya mfuko ilikaa bastola. Aliishika kwa namna mtu anavyoshika miwani yake, bila kuifikiria. Fundi Shee hakupepesa. Alisema tu kwamba risasi zitoke kwanza, ziwekwe kwenye kile kikombe cha vifungo, ndipo tuzungumze. Bwana Masudi alieleza kwamba koti lile linamtosha njiani na kazini, lakini Idd inakuja. Ukumbini makoti yanatundikwa mlangoni, mtu anaingia safuni na kanzu, na yeye safu ya mbele ndiyo yake. Hawezi kuiacha ile kitu ikining'inia kwenye msumari. Hawezi pia kuiacha nyumbani. Alitaka kanzu yenye mahali pake.

Fundi Shee alimuuliza anamwogopa nani. Bwana Masudi alicheka kidogo, akasema dunia imekuwa chafu. Baadaye, kwa maneno ya hapa na pale yaliyopita kwenye kitundu cha Bi Arafa, nilikuja kuelewa kwamba wakubwa wake wa zamani walimgeukia, akatoroka, na sasa akiona kivuli hajui kama ni cha wale aliowatumikia au cha wale aliowatenda. Alaa! Kumbe na yeye halali. Sitaficha, nilipojua hilo nilikula daku kwa hamu. Lakini Fundi Shee hakulijua hilo. Yeye aliona mteja mwenye aibu ya kustiriwa, kama mwenye kigongo, na akachukua tepu. Koti lolote linaficha, alimwambia, kwa sababu koti ni gumu na lina bitana. Kanzu ni kitambaa kimoja chepesi, na mwenye kuivaa hasimami tu kama sanamu dukani. Anainama, anasujudu, anakaa, anasimama. Nguo ya kuficha kitu kizito ndani ya sala sijapata kuishona, alisema, kwa hiyo utanisalia hapa.

Na akasali, jamani. Nilimshuhudia kwa macho haya. Tuliikata kanzu, tukaishikiza kwa bandi, zile nyuzi ndefu za mkono ambazo fundi huzitia kwa muda na kuzifumua nguo ikisha kushonwa, na mfuko tukauweka ndani, ubavuni kushoto, ule upande ambapo kanzu ina kipande kipana cha kuipa nafasi, ili uzito ulale kwenye mbavu na usivute kifua. Akavalishwa, bastola ikatiwa, na Fundi Shee akasimama nyuma yake akimwamrisha. Rukuu. Akarukuu. Sujudi. Akasujudu, hana udhu, hana nia, kibla chake ni cherehani yangu, na kipaji chake kiliigusa sakafu iliyojaa vipande vya uzi, hatua mbili kutoka kwenye viatu vyangu. Nilikuwa na pini mdomoni, na nashukuru, maana zisingekuwamo ningesema. Fundi Shee akinielekeza niinue hapa, nipunguze pale, nami nikimgusa mtu yule ubavuni, namsikia anavyopumua. Aliposimama aliuliza kama kweli haitaanguka. Fundi Shee, aliyekuwa mnyenyekevu katika kila jambo isipokuwa moja, alimjibu kwamba kazi yake haifumuki.

Mfuko ule niliushona mimi. Mkono wangu ulikuwa mwepesi kwa kazi ya ndani, na Fundi Shee aliniachia. Niliushona kwa uzi wa nta, mara mbili, na yeye akaukagua kama alivyokagua kila kitu, akiuvuta kwa vidole vyote viwili vya gumba, akaridhika. Akaipiga pasi, akaikunja, akanipa niipeleke kwa Bi Arafa, kwa kuwa Bwana Masudi alialikwa ftari ya mwisho pale na angeichukua mwenyewe. Hiyo ilikuwa mchana wa kuamkia Idd. Nyumba nzima ilinuka iliki na mafuta ya maandazi. Wauguzi wa Tanga walikuwa wakibishana kama mwezi utaonekana Moroko au hautaonekana. Bi Arafa aliniita mara kwa mara nije nikoroge halua. Nilikuwa chumbani juu, nimekaa kitandani karibu na dirisha, kanzu imelala mapajani mwangu. Nikaufumua ule mfuko chini, taratibu, uzi mmoja mmoja. Halafu nikaushona upya kwa bandi. Nikatia ndani mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa, niliokuja nao kutoka karakana, nikaishika kanzu mabegani na kuitembeza chumba kizima. Ilishika. Nikaiinamisha, nikaiinua kwa ghafla. Uzi ukakatika na mkasi ukadondoka juu ya zulia. Basi. Nikashona bandi tena, nikaikunja kwenye mikunjo ile ile ya pasi ya Fundi Shee, nikashuka kukoroga halua. Mtaniuliza, na kama ile kitu ingelipuka? Sikulifikiria. Nilikuwa na miaka ishirini na hasira ya miaka tisa. Magharibi ile Bwana Masudi alikula tambi zangu, akazisifu, na akaenda zake na kanzu yake kwapani.

Ukumbi ulikuwa wa kukodi, wa sakafu ya mbao, na mikeka haikutosha, kwa hiyo watu walitandika mashuka na mazulia ya nyumbani safu kwa safu. Sisi wanawake tulikuwa nyuma, tumefungiwa mashuka mawili juu ya kamba. Mimi asubuhi ile nilikuwa na udhuru wangu wa mwezi. Mwanamke mwenye udhuru huenda kwenye Idd lakini hasali, hukaa kando akasikiliza, na nilikaa kando kabisa, kwenye kiti pembeni, pale ambapo shuka na shuka hazikukutana. Niliwaona wote. Bwana Masudi safu ya mbele, kanzu imemkaa, nisimnyime Fundi Shee haki yake, imemkaa vizuri mno. Na nyuma yake hasa, safu ya pili, Fundi Shee mwenyewe. Sheikh wetu, Mkomoro mpole mwenye sauti ya kukwaruza, akafunga sala kwa takbiri. Wakaenda rukuu. Nikashika kiti. Wakaenda sijida, wakakaa, wakarudi sijida, na mimi nilikuwa mtu pekee ukumbini aliyeinua kichwa, na sikuona kitu. Nikasema moyoni, imeshika, mkono wangu mwenyewe umenisaliti. Wakasimama kwa rakaa ya pili, na pale alipojinyoosha, kitu kikagonga mbao.

Haukuwa mlio mkubwa. Lakini watu waliosimama kwenye sala wanatazama chini, mahali pa kusujudia, ndivyo tulivyofundishwa sote, na bastola ilikuwa imelala nyuma ya visigino vya Bwana Masudi, juu ya mbao tupu, mahali hasa ambapo Fundi Shee alipaswa kuweka paji lake. Safu nzima ya pili iliiona. Hakuna aliyetikisika. Mikono imefungwa kifuani, sheikh anasoma, anasoma, na mimi nilikiona kisigino cha Bwana Masudi, ndani ya soksi nyeupe, kikirudi nyuma kidogo, kikipapasa sakafu, kikitafuta. Hakikuifikia. Kikarudi tena. Mtu mzima, mwenyekiti wa kesho, anachezesha mguu kama anayetafuta ndara gizani, na watu wote wa nyuma yake wanamwona na hawawezi kumwambia kitu wala yeye hawezi kugeuka. Nilitamani sheikh asome sura ndefu kuliko zote. Walipokwenda sijida, Fundi Shee aliinama kama wengine, na paji lake likatua kando ya kile chuma. Alisujudu mara zote alizotakiwa. Sijapata kumwona mtu mwingine mwenye heshima kama ile.

Baada ya salamu hapakuwa na hotuba. Fundi Shee aliiokota kwa leso, akaiweka mbele ya sheikh, na hakusema neno lolote, kwa sababu mwili wa mteja hautoki nje. Sheikh akauliza ni ya nani. Bwana Masudi alisimama mwenyewe, na hapo ndipo nilipoona alivyo mjuzi. Alilia, au alifanya sauti ya kulia. Alisema ndugu zangu, nisameheni, mimi nimetoka nyumbani na maadui, wako watu wanaoitaka damu yangu kwa sababu nilisema kweli. Na watu wakaanza kulegea. Mmoja akamwambia pole. Mwingine akamshika bega. Nyuma ya shuka wanawake walianza kunong'ona maskini, maskini, mtu mwema haachwi. Kazi yangu yote ilikuwa inageuka mbele ya macho yangu, inamvisha joho. Nikasimama. Nikaisogeza shuka, nikatoka upande wa wanaume na buibui langu, na Bi Arafa aliivuta nguo yangu lakini haikumbakia mkononi.

"Muulizeni Hamadi yuko wapi," nilisema.

Bwana Masudi aligeuka. Alikuwa bado na machozi, bado yuko katikati ya ule uongo wake mtamu, na hakupata nafasi ya kuchagua jibu. Angesema simjui Hamadi yeyote, angeshinda. Angesema huyu binti ana wazimu, nusu ya ukumbi ingemwamini.

"Hamadi yupi?" alisema.

Akalisikia mwenyewe, limeshatoka, jibu la mtu aliyewajua Hamadi wengi. Nilimwona akilisikia. Mzee mmoja wa Kipemba, aliyekuwa amekaa ukutani na sikupata kujua kama anajua lolote, aliinuka, akaokota viatu vyake, akatoka bila kuvivaa. Wa pili akamfuata. Yule aliyemshika bega aliuondoa mkono wake na kuutazama. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyetaja chama wala mwenyekiti. Watu walikunja mazulia yao, wakawakamata watoto mikono, wakaenda kula Idd zao majumbani. Tangu siku ile, alipoingia safuni walimwachia nafasi, na hakuna aliyekubaliana na mwenziwe kufanya hivyo. Bastola Fundi Shee aliitia mferejini nyuma ya ghala. Bi Arafa hakusema nami kwa muda, kisha jioni moja nikakuta kichwa cha samaki, kile anachokipenda yeye, kiko kwenye sahani yangu. Fundi Shee ndiye aliyenipa adhabu. Alinambia kwa upole kwamba nguo haitoki kwenye duka lake na bandi, na kwamba kanzu ya mtu sitaigusa tena mle ndani, isipokuwa moja, itakaporudi. Sikumbishia. Nilishona makoti ya Wazungu mpaka alipofunga karakana.

Ile moja ilirudi kabla wiki haijaisha. Bwana Masudi mwenyewe alipanda ngazi, mchana, akaiweka kanzu yake mezani. Kwa mafundi wetu nguo ikifumuka hurudi kwa mkono ulioishona, na mkono huo huishona bila malipo wala maneno. Fundi Shee akaisukuma mbele yangu, akaenda kwenye pasi, akatupa mgongo. Nilidhani atanitukana. Nilikuwa tayari. Nilidhani labda atanitisha, na kwa hilo pia nilikuwa tayari, mkasi uko karibu na mkono. Lakini alisimama pale pale tulipompima, koti lake halina kitu ndani, akauliza kwa sauti ya mtu aliyechoka, huyo Hamadi alikuwa nani wangu. Nikamwambia kaka yangu. Nikamwambia na mengine, ambayo sikupata kumwambia mtu. Kwamba alikuwa ananyoa ndevu mlipomjia, povu limejaa nusu ya uso. Kwamba alivaa kikoi chenye mstari wa kijani. Kwamba mama alikuombeni mumwache walau amalizie kidevu, na wewe, wewe mwenyewe, ukamwambia hana haja, mama, atarudi kabla chai haijapoa.

Alinisikiliza amefumba macho. Nilimwona anatafuta humo kichwani, kweli anatafuta, uso umemkunjamana kama wa mtu anayepekua sanduku la watu. Miaka tisa nilikuwa nimemngoja akane au aombe, na kila moja nilikuwa nimeliwekea jibu. Akafumbua macho.

"Hilo la chai," alisema, "nilikuwa nikiwaambia wote."

Pasi ya Fundi Shee ilisimama. Bwana Masudi akasema basi, binti, niwie radhi. Niliikunja kanzu yake vile vile ilivyo, na mfuko wake uliofumuka, nikamrudishia mikononi.

"Siwezi kukuwia radhi ya mtu usiyemkumbuka," nilimwambia. "Nenda ukamtafute. Siku utakayomwona uso wake, na povu lake kidevuni, njoo unambie, tutazungumza."

Alishuka ngazi. Niliishi mji ule ule aliokuwa akiishi yeye, zaidi ya miaka hamsini, na kila Mswahili wa Birmingham alijua mlango wangu. Hakuja.